Taichi kwa Mgonjwa wa Parkinson: Lipia Nini, Acha Nini

Anza na nauli. Ada ya mwalimu utaambiwa siku ya kwanza, na kila mtu nyumbani ataijadili. Nauli haisemwi na mtu. Mazoezi ya taichi yaliyopimwa vizuri kwa wagonjwa wa Parkinson yalifanywa mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Hivyo ni vipindi 48. Mgonjwa haendi peke yake, kwa hiyo kila kipindi kina nauli nne: wawili kwenda, wawili kurudi. Jumla nauli 192.

Nimeanza hapo kwa sababu ndipo familia yetu ilipopotezea pesa. Mjomba wangu alipoambiwa ana Parkinson, mtu akatudokeza kwamba taichi inasaidia. Tukalipa ada ya miezi mitatu siku hiyohiyo, maana ukilipa kwa mkupuo unapunguziwa. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, na ngazi hazikuwa na mahali pa kushika. Mjomba alihudhuria mara nne. Ada ilikuwa hairudishwi, na hilo lilikuwa limechapishwa nyuma ya risiti ambayo hatukuigeuza.

Sikusudii kukukatisha tamaa. Mazoezi haya yanasaidia kweli, na ningemshauri mgonjwa yeyote ayaanze mwezi huu. Ila kuna namna ya kuyapata kwa pesa ndogo na namna ya kuyapata kwa pesa nyingi, na tofauti ya matokeo si kubwa kama tofauti ya bei.

Unanunua nini hasa

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza na kuongoza mwendo, zinakufa kidogokidogo. Mkono unatetemeka, mwili unakakamaa, hatua zinafupika, na baadaye uwezo wa kusimama imara unapungua. Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Si kurogwa, wala si uzee tu. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, miaka ya katikati ya 2000, waligundua kwamba wengi wa wagonjwa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao wala kupewa dawa. Kama wewe tayari unajua jina la ugonjwa wako, umeshavuka kizuizi kikubwa.

Sasa taichi, zoezi la jadi la China. Mwaka 2012 Fuzhong Li na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Oregon, Marekani, kwa wagonjwa 195. Waliwagawa makundi matatu: taichi, mazoezi ya nguvu ya kuvaa vizito, na kunyoosha viungo. Kila kundi lilifanya saa moja, mara mbili kwa wiki, miezi sita. Kundi la taichi lilidhibiti mwili vizuri kuliko mengine mawili pale mtu anapoegemea upande mmoja bila kuanguka. Likilinganishwa na waliokuwa wakinyoosha viungo tu, kundi la taichi lilianguka takribani theluthi moja ya mara walizoanguka wale. Na faida ilikuwa bado ipo miezi mitatu baada ya mafunzo kwisha.

Mnunuzi asome hapo mambo mawili. La kwanza: kunyoosha viungo peke yake ni biashara mbovu. Ukiuziwa "mazoezi ya wazee" ambayo ni kukaa na kuvuta mikono, bei ikiwa ndogo bado umepunjwa. La pili: kwa upande wa kuanguka, tofauti kati ya taichi na mazoezi ya nguvu haikuwa kubwa kiasi cha kuithibitisha. Kwa hiyo asiyepata taichi hajakosa kila kitu. Mfuko wa turubai ulioshonwa na fundi, ukajazwa mchanga na kufungwa kifundoni, nao una kazi.

Shanghai nako waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka kadhaa, tangu 2016 hadi 2021. Waliokuwa wakifanya taichi mara mbili kwa wiki walizorota polepole zaidi, na dozi zao za dawa ziliongezwa kwa kasi ndogo kuliko za wasiofanya. Ripoti ilitoka 2023. Ni habari njema, ila uipime vizuri: hawakugawanywa kwa kura, walifuatiliwa tu, na huenda waliochagua taichi walikuwa na nafuu nyingine tangu mwanzo.

Mapitio makubwa yaliyotoka 2023, yaliyokusanya majaribio zaidi ya 150 ya mazoezi kwa wagonjwa wa Parkinson, yalikuta kwamba aina nyingi za mazoezi zinasaidia mwendo na maisha ya kila siku, na ni vigumu kusema aina moja inaishinda nyingine. Mimi nalitafsiri hivi: usilipe ziada kwa ajili ya jina. Lipia kile ambacho mgonjwa wako atakifanya wiki ya ishirini, si kile kinachompendeza wiki ya kwanza.

Dawa kwanza

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua dawa. Levodopa iliyochanganywa na karbidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hakuna zoezi linaloziba nafasi yake. Mtu aliyekakamaa hawezi hata kuanza taichi.

Ukimsikia mwalimu, muuzaji au jirani anasema "ukifanya haya miezi mitatu utaacha vidonge", toka hapo. Kuacha levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukaza hadi mgonjwa kulazwa, na wengine hupoteza maisha. Kwetu watu wana imani na utabibu wa Kichina kwa sababu ya kweli: madaktari kutoka China wamekuwa wakihudumu Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na wazee wengi wametibiwa nao. Imani hiyo ni ya wale madaktari. Usimkopeshe kila mwenye duka la chupa na vipakiti anayejipachika jina lao.

Na upupu. Utauziwa unga wa mbegu za upupu, utaambiwa una levodopa. Ni kweli inayo. Tatizo ni kipimo: kiasi kinatofautiana kati ya mbegu na mbegu, na ukiuchanganya na vidonge bila daktari kujua, unaweza kuzidisha, ukapata kichefuchefu, presha kushuka na mwili kujinyonganyonga. Nafuu ya bei hapo ni ya siku chache.

Aina zipi, na ipi inafaa mfuko wako

Mazoezi ya jadi ya China ni mengi, lakini kwa mgonjwa wa Parkinson uchaguzi wa kweli ni kati ya mawili: taichi na Baduanjin.

Taichi ni mwendo. Unahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, unazungusha kiuno, unapiga hatua mbele, pembeni na nyuma, polepole. Faida yake iko hapohapo, maana kuhamisha uzito ndiko kunakomshinda mgonjwa anapogeuka jikoni au anapotoka msalani. Ubaya wake ni kwamba unahitaji nafasi, unahitaji kukumbuka mpangilio, na mwanzoni unahitaji jicho la mtu mwingine.

Mpangilio unaofundishwa sana ni wa hatua 24, uliotungwa China mwaka 1956 ili kurahisisha ile mirefu ya zamani. Ukiuzoea unauendesha kwa dakika tano au sita. Kuuzoea ndiko kunakula miezi. Ndani yake kuna mateke na kuchuchumaa kwa mguu mmoja, vitu ambavyo mgonjwa wako havihitaji na huenda vikamwangusha. Wale wa Oregon walitumia harakati sita tu. Sita! Mwalimu anayesisitiza lazima ulipie hatua zote 24 ndipo "uhitimu" anakuuzia zaidi ya unachohitaji. Mwambie unataka harakati tano au sita zenye kuhamisha uzito, zirudiwe mpaka mwili uzizoee. Akikataa, tafuta mwingine.

Uliza pia ni mtindo gani. Mtindo wa Yang, wenye kusimama wima na mwendo wa sare, unafaa. Mtindo wa Chen, uliotoka kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, una kuinama chini sana, kukanyaga kwa kishindo na miruko ya ghafla. Mzuri kuutazama, lakini usilipie.

Baduanjin, maana yake Vipande Vinane vya Hariri, ni kitu kingine. Ni harakati nane, miguu karibu haitoki ilipo, na mpangilio rasmi uliotolewa na mamlaka ya michezo ya China unachukua kama dakika 12. Nafasi inayohitajika ni ya mtu kunyoosha mikono. Kumbukumbu inayohitajika ni ndogo. Unaweza kujifunza kwa video bila kupotea, na nyingi kati ya hizo nane zinafanyika hata ukiwa umekaa. Kwa nyumba zetu za kupanga, chumba na sebule, hii ndiyo inayoingia.

Majaribio ya Baduanjin kwa Parkinson ni madogo kuliko yale ya taichi, na kwa kuwa hupigi hatua, unapata mazoezi machache ya kutembea. Fidia yake haina gharama: malizia na dakika kumi za kutembea uani, hatua ndefu, mikono ikipepea.

Katika zile nane, tatu zirekebishwe. Ya tano inataka usimame umepanua miguu na kushuka chini huku ukiyumbisha kiwiliwili: mgonjwa asishuke, au aifanye akiwa kwenye kiti. Ya sita inataka kuinama hadi vidoleni: aishie magotini, kwa sababu ugonjwa wenyewe na dawa zake vinaweza kushusha presha na akiinuka kichwa kikazunguka. Ya nane ni kuinuka kwa vidole vya miguu na kushusha visigino, mara saba: aifanye ameshika kiti. Ukilijua hili, umeokoa ada ya kipindi kimoja au viwili.

Hayo mengine nayapitia haraka. Yijinjing inavuta na kupinda mwili sana, haifai kwa mwanzo. Wuqinxi, ya kuiga wanyama watano, ina kusimama kwa mguu mmoja kama ndege, na mguu mmoja ndio usioutaka. Liuzijue ni pumzi na sauti sita. Haisaidii miguu, lakini kwa mgonjwa ambaye sauti yake imeanza kuwa ya kunong'ona ni nyongeza nzuri, akiifanya amekaa, bure.

Upatikanaji

Nje ya miji mikubwa, mwalimu wa taichi ni adimu. Mjini, ulizia klabu za kung fu, na ulizia Taasisi za Confucius vyuoni: ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya mwaka 2005, ndiyo ya kwanza Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinayo. Ulizia kwa simu kabla ya kupanda gari, na swali liwe moja: kuna kipindi cha wazee au wagonjwa? Kipindi cha vijana wanaojiandaa kwa maonyesho si chako, hata kikiwa bure.

Mtaalamu wa fiziotherapia ni rahisi zaidi kumpata. Yupo hospitali za rufaa na nyingi za mikoa. Huenda hajui taichi, lakini anaijua Parkinson: anajua mgonjwa anaangukia upande gani, anajua kumwinua, anajua miguu inapoganda, ikakataa kupiga hatua, afanyeje. Kati ya bingwa wa taichi asiyewahi kumwona mgonjwa wa Parkinson na mfiziotherapia asiyejua taichi, mimi pesa yangu naipeleka kwa wa pili. Kama una bima, uliza kwanza kama fiziotherapia imo, vipindi vingapi, na kama inahitaji barua ya daktari. Familia nyingi zinalipa taslimu kitu ambacho kadi yao ingelipia.

Video zipo tele na hazina ada. Gharama yake ni bando, na hapo watu wengi wanaumia bila kujua. Video ya dakika 12 ukiitazama mtandaoni kila siku kwa siku 180, umetazama saa 36. Ukiipakua mara moja mahali penye Wi-Fi, au ukamwomba kijana wa mtaani akuwekee kwenye memori kadi, umelipia dakika 12. Zoezi ni lilelile.

Chagua video inayoonyesha harakati moja kwa wakati, mwalimu akionekana mwili mzima, na kiti kikitumika. Kama anaongea Kichina haidhuru, macho yanatosha, mradi mtu wa nyumbani aitazame kwanza na kusimama karibu.

Kuna pia programu za kulipia kila mwezi, zenye bei ya dola. Soma kabla ya kuweka kadi: nyingi zinajihuisha zenyewe, na juu ya bei kuna makato ya benki ya kubadilisha fedha. Ukisahau kuifuta, inakula kimyakimya. Na mwalimu aliye upande wa pili wa skrini hawezi kumdaka mzazi wako.

Hesabu ya miezi sita

Bei zinatofautiana kati ya mtaa na mtaa, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kufanyia hesabu tu. Weka za kwenu mahali pake.

Tuseme darasa linatoza shilingi 10,000 kwa kipindi. Mara 48, ni 480,000. Nauli ya daladala tuseme 700: mara 192, ni 134,400. Jumla 614,400. Hiyo ni kama mgonjwa bado anaweza kupanda daladala, ambalo halisubiri mtu ambaye miguu yake imeganda mlangoni. Akihitaji bajaji, tuseme 5,000 kwa safari moja ya wote wawili: safari 96, ni 480,000. Sasa usafiri umelingana na ada yote, na jumla ni 960,000.

Bado hujamhesabu anayemsindikiza. Vipindi 48 vya nusu siku ni siku 24 za kazi. Kama ni binti mwenye genge la mboga, siku hizo genge limefungwa. Ni gharama, hata kama hakuna anayeiandikia risiti, na mara nyingi ndiyo inayovunja mpango mwezi wa pili.

Linganisha na mwalimu anayekuja nyumbani. Atatoza zaidi, tuseme 25,000. Mchukue mara sita mfululizo mpaka harakati tano au sita ziingie mwilini: 150,000. Kisha aje mara moja kila mwezi kwa miezi mitano kusahihisha: 125,000. Jumla 275,000, na mgonjwa anafanya kila siku badala ya mara mbili kwa wiki. Bei ya kipindi kimoja ni mara mbili na nusu ya darasa, lakini bei ya miezi sita haifiki nusu ya darasa pamoja na nauli yake.

Au ungana na wengine. Mwalimu wa 25,000 akigawanywa kwa wagonjwa wanne ni 6,250 kila mmoja. Hata akija mara zote 48, kila familia inalipa 300,000, na nauli ni ya kutembea kama mnaishi jirani. Kundi lina thamani nyingine ambayo siwezi kuiandikia bei. Mgonjwa wa Parkinson hujificha, anaona haya mkono unapotetemeka mbele za watu. Akiwa na watatu wanaotetemeka kama yeye, anakuja. Muulize muuguzi wa kliniki kama kuna wengine mtaani kwenu walio tayari kujulikana.

Mfuko ukiwa mdogo kabisa, fanya hivi: vipindi viwili vya fiziotherapia. Cha kwanza mpelekee mtaalamu video ya Baduanjin kwenye simu, akuambie mgonjwa wako afanye ipi na aache ipi. Cha pili, baada ya mwezi, mgonjwa aifanye mbele yake. Gharama ni mashauriano mawili na nauli nane. Kwa wengi wanaosoma hapa, huu ndio ushauri wangu wa kwanza, si wa mwisho.

Darasa la ada kamili linafaa kwa nani? Kwa aliye mwanzoni mwa ugonjwa, anayetembea mwenyewe, anayekaa karibu na ukumbi wa chini usio na ngazi, na ambaye akiachwa nyumbani hafanyi zoezi lolote. Mtu wa namna hiyo yupo, na kwake ratiba na mwalimu ndiyo dawa ya uvivu. Alipe. Lakini alipe kwa kipindi au kwa mwezi, kamwe si kwa miezi mitatu, hata punguzo liwe tamu vipi.

Makato yanayojificha

Kabla ya kutoa hela, uliza yote haya kwa mkupuo na uombe jibu kwa ujumbe wa simu ili libaki: kuna kiingilio? Kuna sare ya lazima? Kuna mtihani wa mkanda au cheti wenye ada? Tukikosa kwa ugonjwa, kipindi kinahamishwa au kinapotea? Msindikizaji analipa? Hilo la mwisho lilitushangaza sisi.

Sare ya hariri haina kazi. Suruali pana ya kulalia na fulana vinatosha. Viatu ndivyo vya kununua, na hapo usibane: vyepesi, bapa, vinavyoshika kisigino, soli nyembamba. Raba zenye soli nene inayong'ang'ania sakafu humkwaza mtu anayeburuta mguu. Ndala hapana. Soksi juu ya vigae hapana.

Kiti ni cha mbao, kizito, bila magurudumu. Cha plastiki ni rahisi na kipo kila nyumba, lakini mgonjwa akikiegemea ghafla kinateleza au kinapinduka naye. Kama huna cha mbao, fundi wa mtaani atakutengenezea, na kitadumu kuliko ugonjwa wa mtu yeyote aliyemo humo ndani. Mkeka uukunje na kuuweka kando, kwa kuwa juu ya saruji laini unateleza. Mgonjwa asimame kwenye kona ya chumba, kuta mbili nyuma yake na kiti mbele, hivyo kila upande kuna cha kumpokea.

Kitu kimoja cha bei ndogo sana: utepe wa rangi kali. Bandika mistari sakafuni, hatua moja kwa nyingine. Miguu inayoganda mara nyingi huachia mtu akiambiwa avuke mstari, au akihesabiwa kwa sauti, moja, mbili, tatu.

Muulize mwalimu maswali mawili tu. Umewahi kufundisha mtu mwenye Parkinson? Na: mgonjwa wangu akianza kuanguka, utafanya nini? Anayejibu kuhusu kiti, ukuta na kusimama upande wake dhaifu, anajua. Anayejibu kuhusu nishati na subira, msalimie na uondoke. Bei ya kosa hapo ni kuvunjika nyonga: upasuaji, miezi ya kitandani, na wengine hawarudi kutembea. Hakuna ada ya taichi inayofika huko.

Saa ya zoezi

Pesa nyingi hupotea kwa kuchagua saa mbaya. Levodopa huanza kufanya kazi kama nusu saa hadi saa moja baada ya kumezwa, na ina muda wake wa kuisha. Mgonjwa akifika darasani dawa imekwisha nguvu, umelipia saa nzima ya kukaa kwenye benchi. Andika kwenye daftari kwa wiki moja: amemeza saa ngapi, mwili umefunguka saa ngapi, umekaza tena saa ngapi. Kisha ndipo uchague darasa. Saa zao zisipokubaliana na daftari lako, usilipe.

Chakula nacho kimo. Protini nyingi, iwe nyama, maharage au maziwa, hushindana na levodopa tumboni, ndiyo sababu mara nyingi huambiwa imezwe kabla ya kula. Mwezi wa Ramadhani saa za dawa zikibadilika, zungumza na daktari mwezi haujaandama, na zoezi lifuate ratiba mpya. Kabla ya kuanza, mgonjwa akae kitako dakika moja, asimame polepole, na asianze mpaka kichwa kimetulia.

Mjomba sasa hufanya Baduanjin saa tatu asubuhi, kwenye kona ya sebule, amevaa viatu vya kitambaa. Kiti ni cha mninga, tulichonga mwaka juzi. Video tuliipakua mara moja, na siku hizi haiwashwi tena kwa kuwa mkewe ameishika yote. Wakifika ile ya nane, yeye anashika kiti, na mkewe anamhesabia kwa sauti mpaka saba.